Maneno ya Kumzika Baba

Asubuhi moja Baba Waringa alikuja kwetu amekunja daftari la mtoto wake kama gazeti. Akasimama mlangoni, kiti akakataa.

"Mwalimu Milka," akasema, "nimekuja kuuliza tu. Mimi nimekufa lini?"

Huyo ni Chege, mwenye duka la vyakula pale Kondele. Mwalimu Milka ni dada ya baba yangu. Kwetu dada ya baba tunamwita waya, na mimi nakaa na Waya katika nyumba za walimu tangu mama alipofariki na masomo yangu yakaishia darasa la nne.

Waya aliweka kikombe cha chai chini. "Umekufa namna gani, Baba Waringa?"

"Hapa." Akafungua daftari. "Nimegongwa na lori Awasi. Mimi Awasi sijui hata inafanana vipi, napita tu na basi nikienda kwetu. Nimewekwa kwa jeneza. Watu wamelia. Mke wangu amezirai. Halafu wewe umeandika hapa chini kwa kalamu nyekundu, 'Kazi nzuri, Waringa.' Kazi gani nzuri, mwalimu? Ya kuniua?"

"Ni insha tu, Baba Waringa. Si kweli."

"Najua si kweli, si unaniona nimesimama? Lakini hata hilo jeneza, mbao ya mkaratusi! Duka lote lile mliona nastahili mkaratusi?"

Waya alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamwonyesha alama kwa kidole. "Thelathini na sita kwa arobaini. Huko shule za katikati ya mji uliza mtoto gani anapata hiyo."

Chege aliangalia ile thelathini na sita muda. Akafunga daftari polepole, akaliweka kwapani kama mtu aliyebeba Biblia.

"Basi," akasema, "endeleeni kunizika. Lakini mniwekee mvule."

Hivyo ndivyo wazazi walivyozoea. Mwanzo walinung'unika sana, hasa wazee, kwa sababu kumtaja mtu aliye hai kuwa amekufa ni jambo linaloogopwa huku kwetu. Mtu halijaribu hata kwa utani. Lakini kila Januari matokeo yalipotoka, watoto wa Waya walikuwa juu kwa insha, na wengine waliitwa shule za sekondari ambazo baba zao walikuwa wanazisikia kwenye redio tu. Wazazi wakanyamaza. Wengine wakawa wanaleta watoto kutoka mbali, Bondo hata, wakae na jamaa zao hapa karibu ili waingie darasa lake.

Insha yenyewe ilianza na ukweli. Kiswahili kilipoingizwa katika mtihani wa darasa la nane, watoto wa huku walikuwa wanakikuta Kiswahili shuleni na kukiacha shuleni. Ukiwaambia waandike ukurasa mmoja na nusu, wanaandika mistari michache, wanaweka kalamu chini na kutazama ziwa. Waya alikuwa mwalimu mpya, nyar Sakwa, binti wa Sakwa, aliyetoka chuoni na viatu vya kuazima. Alijaribu picha. Alijaribu kuwatoa nje watazame mitumbwi, wakarudi na "Niliona mitumbwi." Kiboko nacho hakikuleta sentensi.

Ndipo baba yake, ambaye ni babu yangu, akaenda Awasi kununua ng'ombe na lori la miwa likamgonga. Waya aliporudi kutoka mazishini aliingia darasani, akashika chaki, na badala ya somo la siku hiyo akaandika ubaoni jinsi alivyopokea habari. Alijaza ubao, akafuta, akajaza tena. Anasema hakuwa anafundisha, alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mzigo. Watoto wakanakili, maana kilichoko ubaoni kinanakiliwa. Mwaka huo msichana mmoja akapeleka maneno hayo kwenye mtihani, akabadilisha jina la baba tu, akafaulu kuliko mtoto yeyote aliyewahi kusoma pale.

Hapo ndipo Waya alipopata njia yake. Kila mwaka aliongeza kitu. Akatia methali mwanzoni. Jua likawa linachomoza kwa haya. Machozi yakawa yanatiririka njia mbili mbili. Mama yake, ambaye siku ile ya kweli alikaa kimya tu akichambua mboga ambazo hakuna mtu angekula, akafanywa azirai. Watoto walisimama na kuikariri kwa pamoja kila asubuhi kabla ya paredi. Nyumba yetu imepakana na darasa la nane. Ukianika nguo unasikia kila neno.

"Kila kichwa cha insha kina kaburi ndani yake," Waya aliwaambia. "Kazi yenu ni kulitafuta."

"Kama ni 'Siku ya Michezo', mwalimu?"

"Uko katikati ya mbio, hedimasta anakuita kando. Uso wake hauna damu."

"Kama ni 'Faida za Miti'?"

Darasa zima likacheka, lakini Waya hakushindwa. "Jeneza linatoka wapi? Si kwa mti?"

Kulikuwa na mahali pamoja katika insha ambapo msomaji mmoja alinyamaza na darasa lote likajibu kwa sauti: "Baba! Baba! Mbona umetuacha mapema?" Nao walipapenda hapo. Walipapigia kelele kama goli limeingia.

Aliyeisema vizuri kuliko wote alikuwa Walter Oketch. Hakuwa wa kwanza darasani kwa mambo mengine, hesabu zilimsumbua, lakini sauti yake ilikuwa na kitu. Alikuwa akipunguza mwendo pale panapotakiwa, na hata mimi niliyekuwa nimeisikia mpaka imenichosha nilikuwa naacha nguo kwenye beseni. Wageni wakija shuleni, afisa wa elimu akija, Walter ndiye aliyeitwa.

Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli Kondele, chini ya mwavuli uliotoboka, na vijana wa boda boda walimzunguka mchana kutwa. Watu walimtania kwamba mtoto wake anamzika kila wiki.

"Mimi nishazoea," Oketch alikuwa anajibu, kipande cha mpira wa kuzibia pancha mdomoni. "Hata chakula cha matanga yangu nimeshakula. Wewe utakula lini chako?"

Kisha akaanza kukohoa. Mwanzo ilikuwa ni vumbi la Kondele, halafu ikawa baridi, halafu watu wakaacha kutaja ilikuwa ni nini. Mikono ikawa myembamba, spana ikawa inamponyoka. Muhula wa tatu, mtihani ukiwa umekaribia, Oketch akafa nyumbani kwake, kitandani.

Waya na hedimasta, Bwana Wanyonyi, walikwenda kutoa pole. Nilibeba sukari na majani ya chai. Mama Walter, Elsie, alikuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto wake mdogo Adero akiwa amelala mapajani. Walter alikuwa ameegemea ukuta. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama miguu ya watu wanaoingia.

Waya alimshika mkono. "Siku ya mazishi utasimama useme kwa niaba ya watoto. Usiogope, nyathina, mwanangu. Maneno unayo."

Walter akainua macho. "Ni yale, mwalimu?"

"Si ndiyo hayo?" Waya akasema. "Utatutia fahari."

Bwana Wanyonyi akatikisa kichwa kukubali. "Hasa. Na afisa wa elimu amesema atafika."

Nilimwona Walter akitaka kuuliza jambo lingine. Watu wengine wakaingia, tukawapisha.

Mazishi yalikuwa nyumbani kwao kando ya ziwa. Darasa la nane lilikuja na sare, likapangwa upande wa ukuta wa mabati kuimba. Kwa sababu wateja wa Kondele walikuja wengi, Wakikuyu, Waluhya, watu wa kila namna, mshereheshaji alisema watu wajitahidi kutumia Kiswahili ili pasiwe na mgeni. Ndugu wa marehemu walisema. Vijana wa baiskeli walisema. Kisha Walter akaitwa, akapewa kipaza sauti, akasimama kando ya jeneza na shati jeupe lililomzidi mabega.

"Hakuna masika yasiyokuwa na mbu," akaanza, "wala nyumba isiyofikiwa na msiba."

Wanawake waliguna kwa huruma. Afisa wa elimu aliinua uso. Waya alikuwa amekaa kando yangu, mgongo umenyooka, midomo yake inasogea taratibu pamoja na ya Walter. Nilijua anasubiri nini. Anasubiri watu wageuke waulizane, huyu mtoto amefundishwa na nani.

"Siku hiyo jua lilichomoza kwa haya, kana kwamba lilijua litakalotupata. Baba, nguzo ya nyumba yetu, alijitupia koti lake kuukuu, akatuaga, akashika njia kuelekea Awasi."

Mkono wa Waya ukanishika goti.

Nadhani alitegemea Walter atayageuza maneno. Mtoto mwenye akili angeruka hapo, angeweka kitanda mahali pa barabara. Lakini hawakuwahi kufundishwa kuruka. Walifundishwa kuanza na kufika mwisho. Walter alikuwa kama baiskeli isiyo na breki kwenye mteremko, na ninaamini yeye mwenyewe aliona ukuta unakuja. Macho yake yalikuwa yamefunguka sana.

"Lori lililosheheni miwa lilitokea ghafla mithili ya umeme..."

"Awasi?" bibi mmoja mbele yetu akamgeukia mwenzake. "Si walisema ni kifua?"

"Yawa! Kumbe walikuwa wanatuficha."

"Lori? Lori la nani? Sasa kwa nini hawakushtaki?"

Minong'ono ikatambaa kutoka kiti hadi kiti. Kaka wa marehemu akamkazia Elsie macho. Na Walter, kwa mazoea, akafika pale pa kunyamaza. Akanyamaza.

Kutoka upande wa mabati darasa la nane lote likajibu kwa sauti moja: "Baba! Baba! Mbona umetuacha mapema?"

Hawakukusudia. Niliwaona wakishtuka wenyewe, Waringa akajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Lakini wavulana wa nyuma walikuwa wameshaanza kucheka, kile kicheko cha puani ambacho ukikizuia kinazidi, kikapita mstari mzima, na hata vijana wa baiskeli wakainamisha vichwa mabega yakitikisika. Kwenye mazishi. Mbele ya jeneza.

"Mama alizirai," Walter akasema kwenye kipaza sauti. Sauti ilikuwa imebaki ndogo sana.

Elsie hakuwa amezirai. Aliinuka, akapita katikati ya viti, akamtoa mtoto wake kipaza sauti mkononi. Alimwambia kwa Dholuo, taratibu, lakini kipaza sauti hakikuzimwa na sote tulisikia.

"Walter. Baba yako alikufa mikononi mwangu. Wewe ulikuwa umeshika kikombe cha maji. Hukumbuki?"

Walter alimtazama mama yake kama mtu aliyeamshwa. Halafu hakutazama jeneza. Alimtafuta Waya katikati ya watu. Alimtazama vile mtoto anavyomtazama mwalimu akikosea ubaoni, akisubiri asahihishwe.

Waya aliinamisha uso.

Mshereheshaji akaanzisha wimbo. Jeneza likashushwa. Walter alikuwa amesimama pale pale, mikono imening'inia, na hakuna aliyemwita tena aseme kitu. Tukiwa njiani kurudi Waya hakuzungumza mpaka tukakaribia shule. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Lornah, yule mtoto amemzika baba yangu. Wa kwake amemwacha pale bila mtu."

Nilikuwa naona aibu, na sikujua kama ni yangu au yake. Mimi ambaye sikufika hata hilo darasa, pale msibani kila sentensi nilijua inayofuata.

Jumatatu yake aliingia darasani akafuta ubao wote. Nilikuwa naanika. Akasema leo hakuna kukariri. Kila mtu aandike kitu kimoja alichokiona asubuhi akija shuleni, kitu chochote, maneno yake mwenyewe. Kisha Waringa akainua mkono.

"Mwalimu, nani anakufa?"

"Hakuna anayekufa, Waringa."

"Sasa inaisha vipi?"

Waya aliweka chaki chini. Alizunguka katikati ya madawati akitazama kurasa tupu. Wengine waliandika, "Niliona ng'ombe." Mtoto mmoja alianza na masika na mbu, akakata, akaanza tena na masika na mbu. Walter hakushika kalamu. Alikuwa amegeukia dirisha na hakuna aliyemwambia ageuke.

Waya aliendelea hivyo siku chache, mpaka Bwana Wanyonyi akaja nyumbani. Hakuwa mkali. Alikubali chai.

"Mwalimu Milka, nakuelewa kabisa. Lakini mtihani ni huo unakuja. Hawa watoto wana insha moja tu duniani. Wewe unataka kuwanyang'anya hiyo waende na nini? Mikono mitupu?"

"Bwana Wanyonyi, uliona yaliyotokea."

"Niliona. Nilikuwa pale. Lakini mtu aliyezoea gongo la kutembelea, huwezi kumnyang'anya akiwa katikati ya mto. Ngoja avuke."

Waya alibishana kidogo. Kisha akaacha. Asubuhi iliyofuata nilisikia darasa likisimama, viti vikakwaruza sakafu, na zile sauti zote zikaanza tena. Waya alitoka nje, akaja akasimama kando yangu kwenye kamba ya nguo. Akawa anaweka vibanio. Alikuwa anavibana vibaya, shuka likaanguka kwenye tope, nami nikaliokota nikalifua upya.

Matokeo ya mwaka huo yalikuwa mazuri. Waringa aliitwa shule kubwa ya wasichana, na Chege akaleta gunia la mchele na kumwambia kila mtu kwamba kufa kwake kumelipa. Siku ya wazazi Waya aliitwa mbele akapewa blanketi. Alilipokea. Watu walipiga makofi na yeye akatabasamu na kusema asante. Tulipofika nyumbani alilisukuma chini ya kitanda, na bado liko kwenye karatasi yake ya nailoni.

Walter katika insha hakuandika kitu. Alikabidhi karatasi yenye namba yake ya mtihani tu. Masomo mengine alijitahidi, lakini hayakutosha, na hakuna shule iliyomwita. Akachukua mwavuli wa baba yake na sanduku la spana akakaa pale pale Kondele. Tangu hapo Waya hapiti Kondele. Kukiwa na kitu cha kununua ananituma mimi. Akilazimika kwenda mjini anazungukia mbali, anafika amechoka, na akiulizwa anasema anapenda kutembea.

Mimi nikipita Walter ananisalimia vizuri. "Mwalimu hajambo?" anauliza. "Mwambie namsalimia." Hana hasira. Nikifikisha salamu, Waya anasema tu, "Sawa," na anaingia chumbani.

Mwaka uliofuata familia ikafanya rapar, yale maombi ya kumkumbuka marehemu. Elsie mwenyewe alikuja kutualika. Nilidhani Waya atatafuta ugonjwa wa kusingizia. Lakini alivaa, akafunga kitambaa, tukaenda. Watu walikuwa wachache safari hii, hapakuwa na kipaza sauti. Kaburi lilikuwa limejengewa saruji. Baada ya maombi kaka wa marehemu akasema sasa mtoto mkubwa aseme neno, maana ile siku, na hapo akasita, ile siku mambo yalivurugika kidogo.

Walter alitikisa kichwa. Alikuwa amekaa chini na Adero. Amekuwa mrefu, vidole vyake vimeingia grisi isiyotoka.

"Sema hata kidogo tu," ami yake akamsihi. Walter akatikisa kichwa tena. Ndipo yule mzee, kwa nia njema kabisa, akamgeukia Waya. "Mwalimu, uko hapa. Hebu msaidie mtoto maneno."

Waya alisimama. Nilimwona akivuta pumzi ileile anayoivuta ubaoni.

"Sitamsaidia," akasema. "Nilishamsaidia."

Watu hawakuelewa kama ni mzaha. Mmoja alicheka kidogo akaacha.

"Mimi ndiye nilimpa maneno yale," Waya akaendelea. "Yalikuwa ya baba yangu mimi. Niliwapa watoto wengi, nikasifiwa. Elsie, nisamehe. Walter..." Hapo alishindwa. Alisimama mdomo wazi, mwalimu wa insha, mtu ambaye wazazi walileta watoto kutoka Bondo kuja kumsikia, na hakuna kilichotoka. Alikaa chini. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye mdomo wa juu.

Elsie alisema, "Tumesikia, mwalimu." Hakusema zaidi ya hapo. Hakusema amesamehe. Alikwenda jikoni kuangalia chakula, na watu wakaanza kuinuka kufuata sahani.

Walter hakufuata. Alimshika Adero mkono wakaenda mpaka kwenye saruji. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya kaburi vile fundi anavyogusa gurudumu kusikia kama limepinda. Akaanza kusema. Alikuwa anasema na Adero, au na baba, sijui. Ilikuwa kwa Dholuo, hilo nililisikia, na haikuwa na mwendo wa kukariri. Alikuwa anasimama, anafikiri, anarudi nyuma. Mahali fulani Adero alicheka, na yeye akacheka, kisha akajifuta uso na mkono wa shati.

Waya aliwaona. Aliinuka, akapiga hatua kuelekea kule. Nilijua anataka nini. Alitaka kusikia, hata sentensi moja.

Halafu akasimama. Akageuka, akaja akakaa kando yangu, mgongo wake umeelekea kaburini, na tukangoja mpaka mtoto amalize.